Nani Kauacha Msitu?

Neno lenyewe lilinifikia nikiwa ndani ya eda, mwezi wake wa pili, kwa barua pepe ya kijana mmoja mpole anayetengeneza vibao vya maelezo kwa ajili ya wageni. Alitaka nimfasirie maelezo ya msitu wa katikati ya kisiwa chetu cha Unguja, ule wenye kima punju, wale kima wekundu, ili safari hii watoto wa skuli nao wausome msitu wao kwa lugha yao. Nilimjibu kwamba nimefiwa na mume na sitoki nje, lakini kompyuta ipo na umeme upo, alete. Kufasiri ndiyo kazi yangu tangu ujana, na nilikuwa nikitaka sana kitu cha kuniondolea mawazo. Aya ya kwanza tu nikakwama. Msitu ule, walisema, ni *relict forest*.

Mimi nina tabia mbaya ya kuwacheka wafasiri wanaokwama. Kwa hiyo sikumwandikia kijana kumuuliza. Nilikwenda kuitoa kamusi kubwa iliyoko rafu ya juu, ambayo kwa miaka yote aliyekuwa akiniteremshia ni mume wangu, kwa kuwa yeye alikuwa mrefu na mimi nina kimo cha mchi. Nikapanda kigoda, nikaivuta kwa ncha za vidole, ikanishukia kifuani na vumbi lake.

Maana ya kwanza ilihusu mimea na wanyama: kitu kilichobaki kutoka zama zilizopita, wenzake wakishatoweka. Hiyo ndiyo niliyokuwa nikiitaka. Lakini chini yake palikuwa na maana ya pili, imetiwa alama ya kuonyesha kwamba imezeeka na watu hawaitumii tena: mwanamke aliyefiwa na mumewe.

Nilikaa pale pale juu ya kigoda nikaisoma tena. Neno limetoka Kilatini, kwenye kitenzi chenye maana ya kuacha nyuma. Waingereza walilichukua mwanzo kwa ajili ya wajane, na kwa muda mrefu likawa neno la wanasheria na la mawe ya makaburini: fulani binti fulani, *relict* wa marehemu fulani. Halafu likachakaa. Watu waliona lina harufu ya mahakama, wakabakia na neno lao jengine la kawaida la mjane, na hili likawa linazurura bila ya kazi mpaka wataalamu wa mimea na miamba walipoliokota. Siku hizi jani la zama za kale linaweza kuitwa hivyo, na samaki wa ziwa lililokauka, na hata msitu. Mjane haitwi tena hivyo.

Nilikasirika, na mpaka leo sijui niliyemkasirikia ni nani. Pengine ni Waingereza, kwa kumwita mtu kitu kilichoachwa nyuma, kama mwamvuli uliosahauliwa kwenye benchi la hospitali. Pengine ni mimi, kwa kuona kwamba neno limenikaa sawasawa.

Nyumba yetu iko Mji Mkongwe, kwenye kichochoro ambacho vespa mbili hazipishani ila mmoja avute goti. Tulikuwa watu watatu: mume wangu, mama yake, na mimi. Watoto Mungu hakutujaalia. Mume wangu alifariki asubuhi moja amekaa kwenye ngazi akivaa viatu, kimoja keshakifunga na chengine amekishika mkononi. Kwa dini yetu mke hukaa eda miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba ya mumewe, bila ya manukato wala mapambo, bila ya kutoka pasi na dharura. Mimi nilikaa chumba cha juu chenye dirisha la kuelekea kichochoroni, na mavyaa wangu, yaani huyo mama yake mume wangu, alikaa chumba cha pili huko huko juu, hashuki kwa sababu ya magoti. Ngazi zetu ni za mawe, zimesimama kama ukuta, na yeye akishapanda huwa hataki kusikia habari ya kushuka.

Akiwa radhi nami huniita mwanangu. Akiudhika huniita mkwe. Akinitaja kwa watu mimi ni mkaza mwana, mke wa mwanawe. Tangu nilipoletwa kutoka Bwejuu nikiwa mwari asiyejua kukuna nazi kwa namna ya mjini, nimekuwa mkwe mara nyingi kuliko mwanangu, sitaki kumpamba.

Siku ya kuondoa matanga, shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alisimama upande wa pili wa mlango na kuniambia kwa adabu kwamba eda ikisha atamchukua mama wakakae naye Fumba, nje ya mji. Amepata fleti kwenye zile nyumba mpya, kuna lifti, na daktari hayuko mbali. Yote aliyosema yalikuwa na akili. Kaka yangu naye alipiga simu kutoka Bwejuu: rudi nyumbani, chumba chako kipo. Mimi kwenda Fumba haikuwezekana, kwa kuwa shemeji ni mwanamume anayeweza kunioa, na mjane akitoka eda tu akaenda kulala chini ya dari lake, mji huu ungepata mazungumzo ya kutosha. Kwa hiyo wengine walipokuwa wakiniombea eda iishe salama, mimi nilikuwa nikiomba isiishe. Siku zile ndizo zilizobaki za kukaa na mavyaa wangu. Niliogopa sana. Nilikuwa nikiogopa kuamka alfajiri na kusikia nyumba haikohoi.

Naye kila siku baada ya adhuhuri alikuwa akiniuliza habari za kazi yangu, maana hazungumzi Kiingereza ila anapenda kukishitaki.

"Leo Mzungu kakwambiaje?" aliniuliza siku ile, akichambua mchele kwenye ungo.

"Kasema msitu wa kima punju ni msitu ulioachwa, Bi Mkubwa." Hivyo ndivyo nilivyokuwa nimeandika, na nilikuwa nimeridhika navyo.

Akaacha kuchambua. "Nani kauacha?"

"Hakuna aliyeuacha. Misitu mingine ya namna yake imekufa, huo ukabaki."

"Sasa mbona wasema umeachwa? Umeachwa kwa talaka ngapi?"

Nilicheka, mara ya kwanza tangu msiba, halafu nikaona haya kwa kucheka. Alikuwa na haki. Kwetu mwanamke aliyeachwa ni aliyepewa talaka, na nilikuwa nakaribia kuwatangazia watoto wa skuli wa Unguja nzima kwamba msitu wao umerejeshwa kwao na vyombo vyake. Waingereza wanasema mume akifa kamwacha mkewe. Kwa Kiswahili mume akifa hakuachi, unafiwa naye tu, na jina lako na lake yanabaki pale pale. Nilifuta nilichoandika, nikamweleza kwamba zamani neno hilo halikuwa la misitu hata kidogo, lilikuwa la wajane.

"Kizuka, basi," akasema.

"Ndiyo. Kizuka."

Kizuka ndiye mwanamke aliye ndani ya eda, na kwa neno hilo hilo watu huita kitu cha kutisha kinachomtokea mtu gizani. Sikuwahi kufikiri kwa nini mpaka aliponisimulia eda yake mwenyewe, alipofiwa na baba yake mume wangu. Walimtundikia pazia pembeni ya chumba, akakaa nyuma yake amevaa nguo nyeupe, na mwanamume hakuruhusiwa kuona hata kivuli chake. Watoto wa jirani walikuwa wakithubutishana nani atalishika pazia halafu akimbie. Mtoto wake mwenyewe, mume wangu, alikuwa mdogo, alikuwa akiingiza mkono chini ya pazia ili ashikwe tu.

"Nikimshika mkono mpaka alale," alisema. "Halafu nnautoa pole pole."

Akarudi kwenye mchele wake. Nilidhani yamekwisha. Kumbe alikuwa bado analipima lile neno.

"Na mama?" akauliza.

"Mama vipi?"

"Mama aliyefiwa na mwana, Waingereza wamwitaje?"

Nilitafuta siku ile, na nimetafuta tena baadaye. Hawana neno. Nilipomwambia, hakushangaa.

"Na eda hana," akasema. "Wewe watu wote wajua umefiwa. Hakuna anayekugongea mlango akwambie twende huku, twende kule. Mie mama mtu, zangu siku tatu. Siku ya nne jirani kanletea kadi ya arusi, nikaipokea, nikamwambia hongera."

Hapo ndipo nilipofahamu. Nilikuwa nikimwona haendi popote, kavaa nguo zile zile nyeupe za sala mchana kutwa, chupa yake ya marashi imewekwa nyuma ya kioo haiguswi, nikadhani ni magoti na uzee. Kumbe alikuwa amekaa eda ambayo hakuna mtu aliyemwekea. Nilikaa naye kwenye mkeka tukachambua mchele ule wote, na ulikuwa mchele safi tangu mwanzo.

Neno la msitu likabaki halijapata mwenziwe. Nilijaribu "mabaki", nikaona linanuka maiti na jalala. Nilijaribu "masalia", neno la vitabuni, halina kosa, lakini nikilitamka naona vigae na mifupa ndani ya kabati la makumbusho, na msitu ule uko hai, una kima wanaotupia watu maganda ya matunda. Kijana aliniandikia kwa upole kuuliza nimefika wapi. Nilimjibu kwa ukali kidogo kwamba nimefika kwenye sentensi ya tatu.

Kisha ikaja Ijumaa moja ya wali wa nazi na samaki wa kupaka. Mume wangu alikuwa fundi wa mafriji, harudi mpaka baada ya alasiri, na katika maisha yetu yote ya ndoa chakula chake kilikuwa kinamngojea mezani chini ya kawa, kile kifuniko cha ukili chenye ncha juu. Mavyaa wangu ndiye aliyenifundisha. Wiki yangu ya kwanza nyumbani humo alinisimamia jikoni na kuniuliza kabla sijapakua chakula changu: umemsazia mumeo? Aliendelea kuniuliza hivyo mpaka mvi zikaniota, na nilikuwa nikiudhika kila mara, kwa sababu jawabu lilikuwa ndiyo kila mara.

Ijumaa ile nilipakua wa mavyaa wangu, nikapakua wangu, tukala. Nilipoinuka kuondoa vyombo niliona kawa imesimama mezani. Niliifunua. Chini yake palikuwa na sahani ya tatu, wali umepakuliwa vizuri, pande la mgongo la samaki, kwa kuwa mume wangu alikuwa hapendi mkia. Mikono yangu ilikuwa imeifanya kazi hiyo bila ya mimi.

Mavyaa wangu aliniona nimesimama nimeshika kawa.

"Umemsazia nani?" aliuliza, na kabla hajamaliza alikwisha jua.

Nililia. Nililia kwa sauti, jambo ambalo sikulifanya hata siku ya jeneza, kwa kuwa siku ile nyumba ilikuwa na watu wengi na mimi sipendi kutazamwa. Yeye hakulia. Aliniambia nimsogezee ile sahani. Nilimwambia keshashiba, atapata tabu usiku. Akasema nimsogezee. Akanawa tena, akasema bismillahi, akala tonge moja baada ya jengine, kwa taratibu, mpaka akaimaliza na kuufuta mchuzi kwa kidole.

"Nnamlia mwanangu," alisema. "Alosaziwa ni yeye. Mie ndo mamake."

Jioni ile nilifungua kompyuta nikaandika: msitu uliosazwa. Kitu kilichoachwa kwenye sahani kimekataliwa, kitakwenda kwa kuku. Kilichosazwa kimebakishwa kwa makusudi, kwa ajili ya mtu ambaye bado hajaja. Nani aliusaza msitu ule mimi sijui, pengine ni Mungu, pengine ni wazee waliokataa kuufyeka. Lakini watoto wa skuli wakisoma vile wataelewa kwamba wamesaziwa wao. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyepata ufunguo uliopotea, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nililala bila ya kugeuka upande wake wa kitanda.

Eda ilikwisha. Wanawake wa mtaani walikuja kuniogesha, wakanivisha kanga mpya, wakanifukiza udi na kunitia asumini kichwani, na harufu ile baada ya muda wote ule ilinipa kizunguzungu. Mmoja wao, mgeni kutoka Pemba, alimuuliza mavyaa wangu mimi ni nani kwake. Kabla hajajibu, jirani mmoja akamjibia: "Huyo ndo aliyekuwa mkaza mwana wake." Alisema bila ya ubaya. Ila nililisikia lile "aliyekuwa", na nilimtazama mavyaa wangu nikingoja alirekebishe. Alikuwa akihangaika na kifungo cha nguo yake.

Siku ya pili yake shemeji alikuja. Gari aliiacha kule barabarani, akaingia kwa miguu na mabegi mawili matupu. Akatoa salamu, akambusu mama yake mkono, akakaa. Nilimletea kahawa. Nilikuwa nimejitayarishia maneno mengi, mimi ambaye maneno ndiyo kazi yangu, na nilipomwona anafungua zipu ya begi yote yakanikimbia. Ningesema kwa haki gani? Mama ni wake. Nyumba ni ya urithi na kila mmoja wetu ana fungu lake, lakini mama harithiwi. Nikasimama mlangoni nimeshika sinia tupu.

"Mama, tutie nguo zako," alisema shemeji. "Chumba kinakungoja. Na shemeji atakuja kukutazama akipenda, kule ni kwake."

"Sendi," alisema mavyaa wangu.

"Mama, tulikubaliana."

"Mlikubaliana nyie. Mie nilikuwa nalia, sikukubali wala sikukataa."

Shemeji akaanza kuhesabu ngazi na magoti na daktari. Mama yake alimsikiliza mpaka mwisho, kwa heshima kamili, kama anavyosikiliza taarifa ya habari.

"Ngazi ni kweli," akasema. "Nshushe, basi. Chumba cha chini mnachotia mafriji mabovu ya ndugu yako, kitoeni hayo mafriji, kipigeni chokaa, nitakaa humo. Lakini hapa siondoki." Halafu akanielekeza kidole, mimi na sinia langu. "Mwanangu kenda zake. Alonsazia ndo huyu. Nnamwacha vipi?"

Shemeji alifunga zipu ya begi. Macho yake yalikuwa mekundu, na nilikumbuka kwamba na yeye kafiwa na kaka, na sikumbuki mtu yeyote aliyemuuliza hali. Wiki ile ile aliwaita wachukuzi, akavua shati, akabeba nao yale mafriji mpaka barabarani. Siku ya kumshusha mama yake alimbeba mwenyewe mgongoni, ngazi kwa ngazi, na bibi huyo njia nzima anamuelekeza pa kuweka mguu.

Habari ya neno langu haikuwa na mwisho mzuri kama huo. Kijana aliniandikia kwamba wataalamu wanalipenda zaidi "masalia", kwa kuwa ndilo lililozoeleka. Nilimwandikia kurasa mbili za hoja. Akanishukuru. Walipovisimamisha vibao alinialika niende kuvitazama, nikaenda, ndiyo safari yangu ya kwanza nje ya mji tangu eda. Nilisimama chini ya miti ile, juu kima wanatikisa matawi, mbele yangu kibao kipya kinachong'aa: msitu wa masalia. Wageni wakajipiga picha nacho. Nilitafuta majina ya kumwita kila aliyeamua vile, na nilikuwa nayo ya kutosha, lakini palikuwa na watoto wa skuli karibu.

Nilirudi nyumbani alasiri, nimechoka, nina njaa, na hasira haijanishuka. Nilisukuma mlango wa chini. Mavyaa wangu alikuwa kitandani kwake amelala ubavu, ananitazama.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba. Mbona uso huo? Walilitia hilo neno lako?"

"Hawakulitia."

Akajivuta akakaa, akaashiria kwa kidevu meza ndogo iliyo nyuma ya mlango, ambayo nilikuwa sijaiona. Juu yake palikuwa na kawa.

"Nawa mikono, mwanangu," akasema. "Nshakusazia."